Nilivyotengeneza Albamu Yangu ya Kwanza Bila Kuhama Kigoma

Ukisema Kigoma kwamba unafanya muziki, swali linalofuata ni moja: "Dar unaenda lini?" Wananiuliza ndugu, wananiuliza wateja, wananiuliza hata wale wanaoniombea mema usiku na mchana. Swali lina sababu zake. Majina makubwa ya Bongo Fleva yenye asili ya mkoa huu, Diamond Platnumz na Ali Kiba wakiwemo, yalikuzwa Dar es Salaam, na upande wa hip hop nako, studio tulizokua tukizisikia zikitajwa, kama Bongo Records ya P Funk Majani, zilikuwa hukohuko. Fid Q alituonyesha kwamba mchanaji anaweza kuisimamia Mwanza na nchi nzima ikamsikiliza. Tangu hapo nikawa najiuliza kwa nini Kigoma isisimamiwe.

Albamu yangu imetoka. Ina nyimbo kumi. Biti nimepiga mwenyewe, mistari nimeandika mwenyewe, nimerekodi na kumiksi hapahapa, na hakuna lebo wala meneja aliyetia mkono. Nayaandika haya kwa ajili ya kijana wa Kasulu, Uvinza, Urambo au Kaliua mwenye kompyuta, hedifoni na daftari lililojaa mistari, anayedhani kazi haiwezi kuanza mpaka apate nauli. Nilichokiona mimi ni kwamba mahali unapofanyia muziki huingia ndani ya muziki, utake usitake. Anayejitegemea ana uhuru wa kuchagua kiingie kipi.

Kazi inayoniweka mjini ni kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo, Kibirizi, jirani na mwalo. Asubuhi dagaa wanaanikwa, wachuuzi wanabishana bei, maboti ya kwenda vijiji vya kaskazini, Mwamgongo na Kagunga, yanapakia, na katikati ya hekaheka hizo wapo wanaosimama dirishani na kunipa memori kadi: "Kaka, nijazie ngoma za safari." Nilikuwa nikifanya kazi hiyo muda mrefu kabla ya albamu, na ilinipa elimu ambayo sijui ningeipata wapi pengine. Kadi ikijaa, lazima kitu kifutwe, na mimi ndiye niliyekuwa nafuta kwa maelekezo ya mwenye kadi. Kwa hiyo nilikuwa naona ni wimbo gani unaondolewa kumpisha upi. Mvuvi mara nyingi hauondoi wimbo kwa sababu mashairi ni mabovu. Anauondoa kwa sababu kule ziwani hausikiki.

Hilo la kutosikika nikalifuatilia. Spika wanazobeba kwenye maboti ni zile ndogo za kuchaji, zenye redio na tundu la memori kadi. Spika ya ukubwa ule haiwezi kutoa sauti nzito za chini. Bezi ya 50 au 60 Hz (mitetemo kwa sekunde) inayotikisa kifua studio, pale haipo kabisa. Juu ya hapo kuna mashine ya boti inayonguruma mwanzo wa safari hadi mwisho, na ngurumo ile inafunika sauti za chini na za kati ambazo spika ingejitahidi kuzitoa. Panapobaki wazi ni juu kidogo, kati ya 2,000 na 4,000 Hz hivi, na huko ndiko sehemu kubwa ya konsonanti inakosikikia vizuri. Kwa mchanaji, konsonanti ndiyo uhai. Zikipotea t na k na ch, mistari yote uliyoitolea jasho inageuka ngurumo ya pili.

Nikaanza kumiksi kwa ajili ya boti. Bezi niliiongezea ukwaruzo kidogo kwa programu inayozalisha sauti ndogondogo juu ya ile sauti mama. Sikio lina tabia ya ajabu: likizisikia zile za juu kwa mpangilio wake, linajijazia lenyewe ile ya chini ambayo spika haikuitoa. Gitaa na kinanda nikavipunguza pale vilipogombana na sauti yangu. Kisha nikamwomba nahodha mmoja wa boti la Kagunga anipe nafasi nyuma, karibu na mashine, na spika yake mwenyewe. Alisikiliza huku mkono uko kwenye usukani, hakusema kitu mpaka tumevuka hifadhi ya Gombe. Halafu akaniambia, "Kwenye kiitikio nimekusikia vizuri, mdogo wangu. Kule mwanzoni ulikuwa unaongea na nani?"

Kule mwanzoni nilikuwa nimerundika sauti yangu mara tatu, moja juu ya nyingine, ili iwe nene. Kwenye hedifoni ilikuwa tamu. Kwenye boti zile sauti tatu hazikuanza silabi kwa wakati mmoja, konsonanti zikatawanyika. Vesi zote za albamu sasa zina sauti moja tu katikati, na zile nyongeza zinaingia kwenye neno la mwisho la mstari peke yake. Mtu akiniambia albamu yangu inasikika wazi, namkumbuka nahodha yule.

Chumba ninachorekodia kiko Ujiji, kwenye nyumba ya familia, paa la bati lisilo na dari. Mafundi wengi wa mitandaoni watakushauri ununue maiki ya kondensa kwa kuwa ni nyepesi kunasa kila kitu. Katika chumba chenye dari na kuta nene ushauri huo ni mzuri. Katika chumba changu, kila kitu maana yake ni kuku, watoto wa jirani, bodaboda na geti la nyumba ya tatu. Nilichukua maiki ya dainamiki, ile ya jukwaani, nikaiweka shubiri moja kutoka mdomoni. Godoro na mablanketi nikayatundika nyuma yangu mimi ninayechana. Watu wengi huyatundika nyuma ya maiki, lakini maiki ya namna hii inasikiliza mbele yake, na mbele yake ni wewe na ukuta ulioko mgongoni mwako. Ukuta huo ukiuvisha, umemaliza nusu ya kazi.

Ujiji ni mji wa Waislamu, na adhana ni mara tano kwa siku kutoka misikiti iliyo karibukaribu. Adhana ikianza nazima mashine. Sababu ya sauti ipo, ila hata chumba kingekuwa hakipitishi sauti ningezima. Ratiba ikajipanga yenyewe: kurekodi ni baada ya Isha mpaka usiku mwingi, wakati bodaboda zimelala. Mvua nayo ina ratiba yake. Kwetu inaanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na bati likipigwa na mvua ya Kigoma hakuna maiki duniani itakayokusaidia. Miezi hiyo niliandika na kupiga biti. Kiangazi nikarekodi sauti. Wimbo wa saba pekee una mvua ndani yake, kwa sababu niliweka maiki mlangoni usiku mmoja, nikainasa ikipiga bati, nikaikata na kuitumia badala ya hai-hati, vile visahani vya kwenye biti. Rafiki yangu wa Mwanga, hapahapa mjini, aliyeusikia aliniambia anajua kabisa ni bati la aina gani.

Sasa nizungumzie mistari, maana hapa ndipo nilipopata furaha kubwa kuliko kwingine kote.

Shuleni tulifundishwa tarbia: mishororo minne, kila mshororo una ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili, mizani (silabi) nane kwa nane, jumla 16. Baa moja ya hip hop ina mapigo manne, na kila pigo ukiligawa mara nne unapata nafasi 16. Kwenye programu ya kupigia biti nafasi hizo zinaonekana kabisa kama vijisanduku 16 vilivyopangwa mstari mmoja. Usiku mmoja niliandika mshororo juu ya vile vijisanduku, silabi moja kila kisanduku, ukaenea bila kuzidi wala kupungua. Kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika, baa ni sekunde mbili na theluthi mbili, yaani silabi sita kwa sekunde. Ulimi wa Kiswahili unaweza kabisa. Kinachokosekana ni mahali pa kuvuta pumzi. Kwa hiyo sijazi kila baa. Najaza moja, ya pili naiacha na silabi kumi au kumi na moja, msikilizaji naye apumue.

Lakini kuna jambo jingine la ndani zaidi. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika kipande cha mizani nane, mkazo wa mwisho unaangukia silabi ya saba; katika mshororo mzima, ya 15. Snea ya hip hop, ile ngoma ya mlio mkali, inapiga kwenye nafasi ya tano na ya 13. Ukianza kuchana kwenye nafasi ya kwanza ya baa, mikazo yako inafika nafasi mbili baada ya snea, na msikilizaji anahisi umechelewa ingawa hawezi kusema kwa nini. Ukianza nafasi mbili kabla ya baa, mkazo wa kati na mkazo wa mwisho yote inatua juu ya snea. Chukua mstari huu wa kwenye wimbo wangu wa pili:

Baba kashika kasia, mama yupo kwa dagaa.

Neno "baba" linatangulia baa. "Kashika" linafungua baa. Silabi "si" ya kasia inagonga snea ya kwanza, silabi "ga" ya dagaa inagonga ya pili. Jaribu kwa mkono mezani utaona. Wachanaji wetu wazuri wanafanya hivyo kwa kusikia tu, bila kuhesabu, na malenga wa zamani walioweka vina katikati na mwisho walikuwa tayari wameandaa kiti ambacho snea ingekuja kukikalia. Nikisikia mtu anasema hip hop ya Kiswahili ni kuiga tu Marekani, namwambia aje nimwonyeshe vijisanduku.

Kuhesabu silabi kulinisaidia pia kwenye historia. Wimbo mmoja unahusu MV Liemba: meli iliyoundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiiache mikononi mwa adui, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Hadithi inajichana yenyewe, ila "elfu moja mia tisa na kumi na tatu" ni silabi 14, karibu baa nzima imeliwa na mwaka mmoja. Nikaacha miaka nikabaki na vitendo: kuzamishwa, kuibuliwa, kupewa jina jipya. Wimbo wa Ujiji nao ulinitaka uamuzi. Kila mgeni anapelekwa kwenye mnara wa Livingstone na Stanley waliokutana hapa 1871. Mimi nikaandika kuhusu wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea na mizigo kichwani kati ya pwani na Ujiji kupitia Tabora, na kuhusu watu waliopitishwa njia hiyohiyo wakiwa na minyororo. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliusikiliza wote, akanishika bega tu.

Ngoma za kwenye nyimbo tatu zimepigwa na kikundi cha hapa Ujiji kinachopiga kwenye maharusi. Nilifika kwao na kompyuta, hedifoni na metronomu ya kuwaongoza. Kiongozi wao alivaa hedifoni, akapiga kidogo, akavua.

"Shikamoo tena, mzee," nilisema, "kuna tatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Hicho kidude kinatuharakisha. Ngoma ina pumzi yake."

Nikazima metronomu, wakapiga bila kuongozwa. Nyumbani nilipopima, nikaona kweli kasi yao inapanda kidogo wanapoingia kiitikio na kushuka wanapotoka, na inafanya hivyo kwa namna ileile kila mzunguko. Wanajua wanachofanya. Badala ya kuzikatakata ngoma zao zifuate gridi, ile mistari ya mapigo kwenye programu, niliifanya gridi ya programu ifuate ngoma, pigo kwa pigo, kisha kiki (pigo zito la chini) na snea zangu nikazipanga juu yake. Ni kazi ya kuchosha macho. Lakini ukisikiliza wimbo wa nne, ile sehemu ambapo kiitikio kinakubeba mbele bila kujua sababu, sababu ni mikono ya wale wazee.

Kabla ya kurekodi tuliandikiana. Karatasi moja: nani amepiga nini, kwenye wimbo upi, analipwa kiasi gani siku hiyo, na asilimia ngapi ya mapato ya wimbo baadaye. Wote tukasaini, mjumbe akashuhudia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi na pia inamtambua mpigaji, na haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hakimiliki inazaliwa kazi inapofanyika, hata kabla hujaisajili. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro. Ukimpa mpiga ngoma mchele na soda kisha ukatoweka, umemchukulia mali ya wajukuu wake. Naliamini hilo kwa moyo wangu wote.

Kwa sababu hiyohiyo sikuchukua vipande vya rumba. Kigoma tumelelewa na rumba kutoka ng'ambo ya ziwa, na kuna kaseti za baba ambazo gitaa lililomo lingekaa vizuri sana kwenye biti. Ila wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na kuziombea ruhusa zote mbili ukiwa Kigoma, mwenye rekodi akiwa hujui yuko nchi gani, ni safari isiyo na mwisho. Nikampata mpiga gitaa wa hapa aliyekulia kwenye bendi za kanisani, nikamwambia anipe ile hali ya jioni ya kaseti za baba, kwa nyuzi na utunzi wake. Alinipa kitu ambacho ni chake na sasa ni cha albamu.

Kuwa prodyuza na mchanaji ndani ya mwili mmoja kuna ugumu wake. Mchanaji anapenda kila mstari aliouhangaikia. Prodyuza anatakiwa kuukata. Niliwatenganisha kwa siku: siku ya kurekodi haikuwa kamwe siku ya kumiksi, na nikimiksi daftari linabaki chumba kingine, ili nisisikie maneno ninayoyajua bali yanayotoka kweli kwenye spika. Sikio la mwisho lilikuwa la dada yangu. Alikuwa anapika, nikamwekea nyimbo zote mfululizo. Akauliza, "Huu si ndiyo ule wa mwanzo?" Haukuwa ule, lakini biti na hasira vilikuwa vilevile, na mmoja ukaondoka. Masta, ile hatua ya mwisho ya kusawazisha sauti, niliipeleka kwa fundi wa Mwanza kwa intaneti, kwa sababu sikio lililokaa na nyimbo miezi mingi halisikii tena kasoro zake. Nilimwomba asizibane sana kwa kutafuta kelele; huduma kama Spotify husawazisha nyimbo kwenye kiwango cha karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo wimbo uliobanwa unashushwa tu na unabaki umechoka.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kibirizi ikanyamaza kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Kibandani pesa zikawa za kuhesabu. Wavuvi walikuwa na muda, na wengi walikuwa na mawazo mazito, kwa sababu dagaa na migebuka ndiyo ada ya shule na ndiyo kodi ya nyumba. Kundi moja la mtumbwi walikuja kukaa kwangu jioni, tukaongea, na nikawaomba waimbe ule wimbo wanaouimba wakivuta wavu. Tulirekodi ufukweni, wamesimama nusu duara, maiki katikati, wakivuta kamba tupu ili miili ikumbuke. Bila kuvuta hawakuweza kuimba sawasawa. Sauti ya kamba kwenye mikono imebaki kwenye rekodi, na wao wako kwenye karatasi ya asilimia kama wengine.

Watu walinishauri nitoe albamu kipindi hichohicho kwa vile wasikilizaji wako bure. Nikasubiri. Mtu asiye na uhakika wa kesho humwombi anunue muziki leo. Ziwa lilipofunguliwa nikaanza kuhesabu mwezi. Dagaa wa Kigoma wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwanga wa taa ndio unaowakusanya, na mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, wavuvi wanapumzika nchi kavu. Pesa ya Kibirizi inafuata mwendo huo. Giza linapoisha watu wana fedha, na siku chache za mbalamwezi wana nafasi pia. Uzinduzi tuliufanya mwanzoni mwa mbalamwezi, uwanja wazi, karibu na mwalo, na maboti ya kaskazini yalikuwa yamelala. Kundi la mtumbwi liliimba kiitikio chake lenyewe jukwaani, wake zao na watoto wakiwa mbele.

Mambo ya mtandaoni nitayataja kwa kifupi, yanajulikana. Msambazaji wa kidijitali anakupeleka Boomplay, Audiomack, Spotify na Apple Music kwa ada au kwa asilimia. Soma anachukua nini na unawezaje kuondoka. Kila wimbo unapewa namba ya ISRC, kitambulisho cha rekodi, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Ziandike mahali, maana ukihama msambazaji unahama nazo. Kava iwe mraba wa pikseli 3,000 kwa 3,000. Jina lako liandike namna moja kila mahali, herufi kwa herufi, la sivyo mapato yanagawanyika kwa watu wawili ambao wote ni wewe. Peleka kazi wiki kadhaa kabla ya siku ya kutoka. Pesa huchelewa miezi. Redio nayo, mtangazaji mmoja alitaka apewe kitu kwanza. Sikumpa, nikaenda kwa wengine waliopiga nyimbo kwa kuzipenda.

Mauzo yenyewe yalikuwa ya mkono kwa mkono. Bando ni ghali, na wimbo hapa husafiri kwa bluetooth, kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, na kwa kadi. Niliuza albamu ndani ya memori kadi, faili zikiwa safi, kila faili limebeba ndani yake jina langu, jina la wimbo, majina ya waliopiga ngoma na picha ya kava. Najua mtu mmoja akinunua, kumi watarushiana. Ndiyo maana niliweka majina ndani ya faili: likifika Kagunga, likivuka mpaka kwa Warundi, likifika Kalemie ya Kongo, linafika na majina ya wenyewe. Wachuuzi wawili wa dagaa walichukua kadi za kuuza pamoja na mzigo wao kwenye treni ya kuelekea Tabora, wakarudi kuomba nyingine.

Malipo ya kwanza ya mtandaoni yalipoingia niliwapelekea wapiga ngoma wa Ujiji fungu lao na karatasi inayoonyesha limetoka wapi. Halikuwa kubwa. Kiongozi wao aliisoma karatasi yote, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa kanzu. Akasema wamesikiliza wimbo wa nne na ngoma kubwa imekaa chini mno, inasikika kama iko nyumba ya pili. Kazi inayofuata, wakati wa kumiksi, wanataka mtu wao awe amekaa chumbani. Nimekubali. Tumeshaanza kupanga siku, na mtu waliyemchagua ni mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu, ambaye tayari ameniuliza vile vijisanduku 16 vinafanyaje kazi.